Theluji katika chapa za mahekalu ya Japani hupatikanaje?

Swali

Habari zenu, wapenzi wa sanaa. Katika picha ya Kawase Hasui ya mwaka 1925, iliyochapwa kwa mbao, mwanamke mwenye mwavuli anapita mbele ya lango jekundu la hekalu la Zojoji, Tokyo, huku theluji ikianguka kwa mshazari. Je, weupe ule ni rangi iliyopakwa juu? Na mbona majira ya baridi yanaonekana kupendwa kuliko mengine?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, kwa sehemu kubwa weupe huo ni karatasi yenyewe. Rangi huchapwa kwa mbao mbalimbali, aghalabu za mcheri, na mchongaji huchimba kila mahali pasipotakiwa kushika rangi. Kwa hiyo chembe ya theluji iliyo mbele ya lango ni shimo dogo katika ubao wa rangi nyekundu, na ikiwa inakatiza mstari mweusi, sharti nao ukatwe kwenye ubao wake, mahali palepale. Ndiyo maana pembeni mwa kila ubao huchongwa alama za kuegemeza karatasi, kwani ikisogea kidogo tu, theluji yote huingia uchafu wa rangi. Wapo pia waliorashia unga mweupe wa makombe ya baharini, lakini hiyo ni nyongeza.

Jibu la pili

Kuhusu majira, sikubaliani sana. Hiroshige, mchoraji wa chapa aliyemtangulia Hasui, katika mfululizo wake wa mandhari ya Edo (jina la zamani la Tokyo) ulioanza 1856, alichora maua ya mcheri yakiuzunguka ukumbi wa Kiyomizu kule Ueno, na vilevile hekalu la Asakusa ndani ya theluji, likitazamwa kutoka chini ya taa kubwa ya langoni. Alipofariki mwaka 1858, picha hizo zikapangwa kwa majira manne. Nadhani theluji hukumbukwa zaidi kwa sababu huuacha wekundu wa majengo peke yake, ilhali wakati wa vuli majani nayo ni mekundu, vikashindana.

Jibu la tatu

Tusisahau soko. Mchapishaji wa Hasui, Watanabe Shozaburo, aliwauzia sana wateja wa Marekani, na baada ya tetemeko la ardhi la Tokyo la 1923 kuteketeza mbao zake ilimbidi aanze upya na picha zenye kuuzika. Ukiona nakala halisi, omba kuitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga: penye theluji utaona nyuzi za karatasi zisizo na rangi, jambo ambalo skrini haionyeshi.