Nachora mbuyu wa kwa bibi lakini hauonekani mzee, naomba msaada

Binti Mpwapwa
Wakuu, habari zenu. Nyumbani kwa bibi, huku Mpwapwa, kuna mbuyu ambao watu sita tukishikana mikono hatuuzunguki. Tangu Julai nauchora kwa akriliki kwenye hadibodi ya futi mbili kwa tatu, nimeurudia mara nne. Umbo limekaa, matawi yamekaa. Juzi nikampelekea bibi, akautazama kitambo, akasema, "Huu bado mtoto." Na kweli, shina ni kama limepigwa plasta jana. Kijivu nachanganya nyeusi na nyeupe, halafu napitisha nyufa kama za mwembe. Nataka nimkabidhi kabla mvua hazijaanza na mti haujavaa majani. Nakosea wapi?

Fundi Rangi
Dada, hiyo nyeusi iweke kando. Kijivu chake ni cha saruji. Changanya buluu na kahawia nyekundu, ongeza nyeupe kidogo kidogo. Upande wa kivuli zidisha buluu, upande wa jua zidisha kahawia. Nenda ukautazame saa kumi na moja jioni, utaona gome linatoa wekundu wa shaba.

Nyufa futa zote. Gome la mbuyu halipasuki kama la mwembe, linatuna na kujikunja, mfano wa goti la tembo. Chora kivuli cha mkunjo, usichore mstari. Mimi nimekulia kwenye picha za Tingatinga, mkono umezoea kuzungushia kila kitu mstari, na kule ndio uzuri wenyewe. Kwa shina la namna hii mstari unaua.

Mfuga Nyuki
Binti, tafuta kovu. Wazee walibandua gome la mbuyu wakasokota kamba, na mti haufi, unaotesha gome jingine. Ila halirudi kama la kwanza. Kuanzia chini mpaka mkono wa mtu unapofika utakuta vinundu na mawimbi, juu yake pamelainika. Angalia na vigingi vya kupandia kufuata asali.

Binti Mpwapwa
Shikamoo mzee. Leo alfajiri nimekwenda. Kovu lipo, juu kidogo ya kichwa changu! Nimecheza pale utoto wote sikuwahi kuliona. Bibi anasema upande wa mashariki alibandua mama yake, kwa ajili ya kamba za kitanda. Vigingi vimebaki vitatu, viwili gome limeshavimeza, vimetokeza ncha tu.

Fundi, buluu na kahawia imekubali. Shina lote nimelifuta, matawi nimeyaacha. Vigingi nianze navyo au viwe mwisho?

Fundi Rangi
Mwisho. Kwanza litunishe gome pembezoni mwake, liache likauke, ndipo uweke ncha na kivuli chembamba chini yake. Ukimweka mbuzi pale shinani, asizidi kidole gumba.