Nimepanga, kuta haziguswi, na mimi napenda rangi. Nianzie wapi?

MamaRehema wa Tabata

Habari zenu wadau. Nimepanga chumba na sebule hapa Tabata. Kuta zote krimu, sakafu ya saruji, dirisha la sebuleni linatazama ukuta wa jirani ambao nao ni krimu. Mkataba unasema hakuna kupaka rangi wala kupiga msumari, na mwenye nyumba ni mzee wa kuja kukagua bila kubisha hodi mara mbili.

Mchana nashinda na mahesabu ya duka la vipuri. Rangi pekee ninayoiona kule ni wino mwekundu wa wadaiwa. Wakati nasoma, mwalimu wa jiografia alikuwa ananiita mimi nimchoree ramani ubaoni, mito kwa chaki ya bluu, milima kwa kahawia. Siku hizi mkono wangu unajua kikokotoo na mwiko. Mwanangu ana miaka sita, penseli zake za rangi zimebaki vipisi, na juzi kaniuliza kwa nini nyumba yetu haina rangi. Sikuwa na jibu.

Sitaki mapambo ya kuonyesha wageni. Nataka rangi ya kuishi nayo, asubuhi nikichemsha chai, jioni nikirudi nimechoka. Na ikiwezekana nifanye kwa mkono wangu. Nilipita Kariakoo nikakuta maua ya plastiki na stika za ukutani. Stika nazo zikibanduliwa zinaondoka na rangi ya mzee. Bajeti ni kama elfu hamsini, tena si kwa mpigo. Mnanishauri nini?

FundiBrashi

Dada, ukuta wa mzee mwachie mzee. Mimi kazi yangu kupaka nyumba za watu, na wengi wanaothubutu bluu kali baadaye wananipigia simu nirudishe krimu.

Nunua hadibodi, seremala akukatie vipande vya mraba, sentimita 60 kwa 60. Paka upande ule laini. Msasa kidogo, mkono mmoja wa rangi nyeupe uwe msingi, kisha rangi ya mafuta ya makopo madogo. Edward Saidi Tingatinga, yule wa Tunduru, ndivyo alivyoanza hapa Dar mwaka 1968: hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Hakusomea uchoraji popote. Amefariki 1972, yaani kachora miaka minne hivi, na mpaka leo kuna watu wanasomesha watoto kwa mtindo wake. Ukipata Jumamosi nenda Morogoro Stores, Oysterbay, usimame uwatazame wachoraji wa mtindo huo. Kwanza usuli, wanauacha ukauke kabisa. Halafu ndege au mnyama. Madoa na mistari myembamba ni mwisho kabisa. Ukiwahi kutia doa kabla ya chini kukauka, rangi zinaingiliana na ndege wako anapotea.

Kutundika bila msumari: kamba kwenye bomba la pazia, au egemeza juu ya kabati. Fungua madirisha, mtoto asilale humo mpaka harufu iishe. Brashi osha kwa mafuta ya taa.

BiKindu

Mwanangu, fundi kasema vizuri, ila picha ukishaitundika kazi imekwisha. Wiki ya kwanza unaitazama, ya pili unamwonyesha jirani, ya tatu jicho limeshaizoea, huioni tena.

Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba. Ukindu, majani ya mkindu ya kusukia, nimeanza kuuchana kabla sijajua kusoma. Sasa nipo Temeke kwa mwanangu wa kiume, na kila nikiletewa mzigo natia rangi uani, majirani wanakuja kutazama sufuria. Shauri langu ni hili: rangi itie kwenye vitu vinavyochakaa. Kikapu, kawa la kufunikia chakula, kipepeo cha kujipepea, kitanga yaani mkeka mdogo. Kitu kikichakaa itakubidi utengeneze kingine, na hicho cha pili hutakitia rangi zile zile, maana umeshajua ulichokosa katika cha kwanza. Mkono hauachi kazi.

Nakueleza kama ninavyomweleza mkwe wangu, naye mtu wa mjini.

Ukindu nunua mkavu, ulioanikwa ukawa mweupe. Ukiupata mbichi, uanike mwenyewe, ila jioni uingize ndani. Ukipata umande unaota madoa meusi na madoa hayo hayafichiki kwa rangi. Kisha uchane nyuzi za upana mmoja. Hapa vijana wanapaharakisha, wanataka kuona rangi. Upana usipolingana ukili, yaani ule ukanda unaosuka, unapinda, na ukili uliopinda hata uutie rangi za peponi utabaki umepinda.

Rangi ni ile ya unga, waulize wauza mikeka na vikapu wanainunua wapi, watakuonyesha. Inapimwa kwa kijiko. Kuna nyekundu, manjano, kijani, zambarau, na ile ya waridi kali ambayo kwetu tunaipenda kupita kiasi, mimi wa kwanza.

Tafuta sufuria kuukuu ambayo haitarudi kupika chakula, hilo sina mjadala nalo. Ukindu uloweke kwanza kwenye maji baridi. Ukiutia mkavu unakunywa rangi ncha tu, katikati unabaki na mabaka. Maji yakichemka tia unga wa rangi, tia chumvi kiganja kimoja, koroga kwa kijiti. Uzungushe ukindu uwe mviringo kama kata ya kichwani, ufunge usifumuke, uuzamishe wote. Geuza geuza. Nyekundu inashika kwa nusu saa. Zambarau mimi huiacha zaidi, nataka iwe nzito. Ukiutoa, suuza mpaka maji yatoke safi, uanike kivulini. Jua la saa saba linaiparuza rangi ikiwa bado mbichi.

Sasa siri ya mkaa. Usibadilishe maji kila rangi. Anza na manjano. Ukishatoa kitita cha manjano, yale maji yaliyobaki tia nyekundu kidogo, unapata rangi ya chungwa. Ongeza nyekundu, unapata nyekundu yenyewe. Mwisho zambarau. Moto mmoja, rangi nne. Ukianza na zambarau umejifungia mlango, humo hakitoki tena kitu chepesi.

Utasikia watu wanasema tumia manjano ya jikoni, ni ya asili. Inapendeza siku ya kwanza, sikatai. Lakini jua linaila, na ikiguswa na sabuni inageuka wekundu wa ajabu. Kwa kawa sawa, kwa kikapu cha sokoni hapana. Bibi yangu yeye weusi aliupata kwa mmea wa mdaa, na weusi ule hakuna unga wa dukani unaoufikia, lakini mdaa utautoa wapi Tabata?

Na kupanga rangi. Usizitie zote. Chukua mbili, ya tatu ni weupe wa ukindu wenyewe. Watu wanausahau ule weupe wakati ndio unaoifanya nyekundu ionekane nyekundu. Mkeka wa rangi saba zilizobanana, usogee hatua kumi uutazame: ni vumbi.

Anza na kipepeo. Ni kidogo, utakimaliza kabla hujachoka, na umeme ukikatika utakitumia. Kikapu baadaye. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila mtu anatembea na mifuko mbadala ile inayochanika mpini. Wewe shika kikapu chako, muuza nyanya atakujua kwa mbali.

Zuhura wa Kizingo

Salamu kutoka Mombasa. Bi, shikamoo, na nitakukosoa kwa adabu. Sisi wengine vidole havijui kusuka, ndiyo tukae kwenye krimu mpaka tufe? Kuchagua nako ni kazi ya mkono na jicho.

Dadangu, chukua leso, nyinyi mnaita kanga. Nenda kwenye maduka yanayouza jozi, hapo kwenu Dar ziko tele mtaa wa Uhuru, kwetu ni Biashara Street. Usinunue ya kwanza. Mwambie muuzaji akukunjulie, utazame pindo la pembeni na mji wa katikati vinavyosemezana, kisha usome jina, yale maneno yaliyoandikwa. Jina la leso si pambo, utakaa nalo nyumbani. Usije ukaning'iniza maneno ya kumsuta jirani na huyo jirani ndiye mwenye ufunguo wa geti.

Jozi ni vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Kipande kimoja fanya pazia. Cha pili kata foronya za mito: mji uwekwe katikati ya mto, pindo uzungushe pembeni iwe fremu. Jina likate kwa uangalifu ulishone nyuma, ndiko mimi ninakoliweka, anayegeuza mto ndiye anayesoma. Kabla ya kukata, loweka kwenye maji baridi yenye chumvi, peke yake. Nyekundu mpya inachuja, na ikichujia shuka jeupe utalia. Ukitaka kitu kisichokuangusha, tafuta leso ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Maharusi wanavishwa tangu zamani na bado hakijachosha macho.

Cherehani kama huna, fundi wa mtaani atashona foronya nne kwa bei ya soda kadhaa. Lakini kudarizi ukingo unaweza mwenyewe, jioni, ukiwa umekaa. Uzi wa rangi moja tu.

BiKindu

Marahaba mwanangu Zuhura. Sikusema asiyejua kusuka akae kwenye krimu. Ila MamaRehema mkono wake unauliza kazi, mwenyewe kaandika. Hiyo ya kudarizi ukingo nimeipenda, tena mto nao unachakaa. Pazia lakini halichakai upesi, linapauka tu, na kupauka si kuchakaa.

Zuhura wa Kizingo

Bi, pazia langu linapauka, nalikata kitambaa cha kupangusia meza, na meza inachakaza. Tumefika pale pale.

MamaRehema wa Tabata

Shikamoo Bi, na asanteni nyote. FundiBrashi, hadibodi nimeulizia kwa seremala wa hapa jirani, ana vipande vilivyobaki kwenye makabati, atanipa kwa bei ya bure. Hicho atachora mwanangu, mimi nitampakia msingi tu. Da Zuhura, leso nasubiri mwisho wa mwezi, na jina nitalisoma mara mbili kwa sababu geti letu kweli lina ufunguo mmoja.

Bi, mimi moyo umeganda kwenye ukindu. Maswali yangu: Uani tuko wapangaji watano na bomba moja. Nikichemsha rangi pale si nitagombana na watu? Na saruji ya mzee ikimwagikiwa zambarau itatoka? Mtoto naye atataka kushika kila kitu.

BiKindu

Marahaba. Chemsha saa ambayo watu hawafui, Jumapili mchana wengi wamelala au wametoka. Jiko la mkaa lisogeze mbali na kamba za nguo, kwanza kabisa hilo, maana moshi wa mkaa na mashuka meupe ya mtu ndio ugomvi wenyewe. Chini tandika gunia kuukuu, limwagie maji liwe na unyevu, rangi ikidondoka inaishia hapo. Kwenye saruji tupu haitoki, inafifia tu kwa miezi, na mzee ataiona. Maji ya kusuuzia yachote kwenye ndoo, usisuuzie bombani. Kila mwenye kuchota maji baada yako atadhani bomba limeoza.

Mtoto asikaribie sufuria wala unga. Unga ule ukiruka unaingia puani, nawe jifunge kitambaa unapoupima, na vaa glavu la sivyo Jumatatu utaandika madeni kwa vidole vya zambarau. Kazi ya mtoto ipo, tena kubwa: ukindu ukishakauka, mpe achambue vitita, azipange rangi sakafuni apendavyo, akwambie ipi ikae na ipi. Usimrekebishe. Watoto hawajui kwamba waridi na chungwa havikai pamoja, kwa hiyo wanavikalisha, na vinakaa.

Wakati wa kusuka ukindu uwe na unyevu, mkavu unakatika. Ufunike kwa kitambaa kibichi pembeni yako.

Nunua kijiko kimoja cha nyekundu tu kwa kuanzia. Nyekundu na weupe wa ukindu, kipepeo kimoja. Rangi ya pili utanunua ukikimaliza.

FundiBrashi

Nyekundu na nyeupe? Bi, hiyo ni jezi ya Simba mchana kweupe. Mimi wa Yanga, nikiagiza changu kiwe kijani na manjano.

BiKindu

Manjano ninayo sufuriani tangu asubuhi. Kijani utakuja nacho mwenyewe.