Bastola ya P08 ya urithi yenye miaka miwili juu ya chemba: ni halisi, na thamani yake hupimwaje?

Mrithi:
Ndugu wajuzi, baada ya babu kufariki nilikabidhiwa bastola ya kijeshi ya Kijerumani aina ya P08, ile ambayo wengi huiita Luger, pamoja na mkoba wake wa ngozi. Uhamisho wa umiliki umekamilika kisheria, na silaha imefungiwa kabatini bila risasi. Kwenye goti la juu linalokunjika zipo herufi DWM zilizosukwa pamoja, na juu ya chemba, yaani nafasi inapokaa risasi nyuma ya mtutu, umegongwa mwaka 1917. Kinachonitia shaka ni kwamba juu ya huo 1917 umegongwa tena 1920. Namba iliyo mbele ya kiunzi, yaani mwili wa chini wenye mshikio, inaishia na 46 na chini yake kuna herufi ndogo. Vipande vingi vidogo navyo vina 46, ila bamba la ubavuni lina 71 na magazini ina namba tofauti kabisa. Binamu yangu ananishauri niisugue na kuipaka rangi upya kabla ya kuipeleka kwa mthamini, kwa kuwa imechubuka. Je, ni halisi au imeungwaungwa?

Jicho la Chuma:
Ndugu Mrithi, pole kwa msiba. La kwanza, mzuie binamu yako, kwa maana hakuna kinachoiondolea thamani silaha ya kale haraka kuliko msasa na rangi mpya. Mchubuko wa kweli hauondoi uhalisi, lakini sura ya asili ya chuma ikishaondolewa hairudishwi na fundi yeyote, na bastola iliyopakwa upya huuzwa kama chombo cha kulengea shabaha tu hata kama namba zake zote zinalingana.

Kuhusu ile miaka miwili, usiogope. DWM ni kiwanda cha Berlin kilichotengeneza P08 tangu jeshi la nchi kavu la Ujerumani lilipoipitisha mwaka 1908, na 1917 ndio mwaka wa kutengenezwa. Baada ya vita, Mkataba wa Versailles uliliwekea jeshi hilo kikomo cha askari 100,000, na silaha zilizobaki katika mikono ya serikali, ziwe za jeshi au za polisi, ziligongwa 1920 kama alama ya mali ya umma. Bastola za namna hiyo zinajulikana vyema kwa wakusanyaji, na alama hiyo ni sehemu ya historia yake.

Namba nazo zinahitaji kusomwa kwa utaratibu wake. Kila mwaka kiwanda kilianza kuhesabu upya hadi 10,000, kisha kikaanza tena kwa kuongeza herufi a, halafu b, na kuendelea. Kwa hiyo namba bila herufi yake na bila mwaka wake haikutambulishi bastola yoyote. Namba kamili inapaswa kuwa kwenye kiunzi, kwenye mtutu upande wa chini na kwenye sehemu inayobeba mtutu, ilhali vipande vidogo hupewa tarakimu mbili za mwisho. Tazama pia kama kuna mstari mdogo uliochorwa pale mtutu unapoungana na sehemu inayoubeba: nusu zake mbili zikikutana sawasawa, hiyo ni dalili nzuri kwamba mtutu haujawahi kufunguliwa.

Mzee wa Karakana:
Naongeza neno la usalama, maana aina hii ina tabia ambayo wengi hawaijui. Kipande kinachoachia pini ya kufyatulia kiko ubavuni mwa sehemu ya juu, ile inayobeba mtutu, wala si ndani ya kiunzi. Kwa sababu hiyo sehemu ya juu ikitolewa kiunzini huku risasi imebaki chemba, ikibonyezwa pembeni inaweza kufyatuka. Kagua chemba kwa macho kabla ya jambo lolote. Kitoa ganda kikiwa kimenyanyuka na neno la Kijerumani GELADEN, yaani "ina risasi", likaonekana ubavuni mwake, hiyo ni ishara kwamba chemba ina kitu.

Ukitaka kujua kama rangi ni ya awali, tazama mahali ambapo muuzaji mjanja hahangaiki napo. P08 za miaka hiyo zilipewa rangi ya buluu iliyoiva kwa njia ya kutu ya taratibu, na ndani ya kiunzi chuma kikaachwa cheupe; ukikuta ndani kumekuwa cheusi kotekote, bastola ilichovywa rangi upya baadaye. Kifyatulio, kitasa cha magazini na wenzo wa usalama vilikuwa na rangi ya manjano ya nyasi kavu, ambayo hufifia kwa kushikwashikwa. Kingo ziwe kali, na herufi zisiwe zimelainika kama sabuni iliyotumika.

Mrithi:
Nashukuru, Mzee. Chemba ni tupu. Ndani ya kiunzi ni cheupe chenye madoa machache, kifyatulio kina manjano iliyofifia, na mstari wa mtutu umekutana. Linabaki bamba lenye 71.

Jicho la Chuma:
Basi umepata bastola halisi yenye kipande kimoja cha kuazima. Pengine mabamba yalichanganyika bastola kadhaa ziliposafishwa pamoja, jambo linaloweza kutokea kwa kuwa bamba hilo hutoka kwa urahisi. Kwa mkusanyaji mkali, tofauti hiyo pamoja na magazini ya kigeni inaishusha chini ya ile iliyolingana yote, na tofauti ya bei huwa kubwa. Usitafute bamba jingine la kugongwa 46: namba bandia hujulikana kwa umbo la tarakimu na kwa chuma kilichobonyea pale namba ya zamani ilipofutwa, na ikigundulika, hata sehemu zilizo halisi zitatiliwa shaka.

Mkoba nao una bei yake. Fungua kifuniko utafute jina la mtengenezaji na mwaka, wala usiupake mafuta. Piga picha za kila alama, kisha tafuta wathamini wawili wasiokusudia kuinunua. Ile 71 itajwe kwenye maelezo ya kwanza kabisa utakayowapelekea, ili kila bei utakayotajiwa iwe ya bastola uliyo nayo.