Sanduku la marehemu mama: nitengeneze pambo bila kuharibu kumbukumbu?

Binti wa Ipagala
Ndugu zangu, salaam. Tunahama nyumba yetu ya zamani mwishoni mwa mwezi, na katika kupunguza vitu nimefungua sanduku la bati la marehemu mama ambalo halikuguswa kwa miaka mingi. Nimekuta doti tatu za kanga, kibuyu kilichopasuka ubavuni, shanga za bibi ambazo uzi wake unakatika ukiugusa tu, kopo la sarafu za zamani, picha chache zisizo za rangi, na zeze la babu lisilo na uzi hata mmoja. Kaka anasema vyote ni takataka. Mimi nimefikiria pambo moja kubwa la ukutani: kanga iwe nyuma, sarafu nizitoboe na kuzishonea juu yake pamoja na shanga, na kibuyu nikikate kiwe bakuli la kuning'inia. Shangazi aliposikia alinyamaza, na kunyamaza kwake nakujua. Naomba ushauri kabla sijashika mkasi.

Mshonaji, Majengo
Dada, usiikate kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa chini ya mji. Ukikata kipande cha maua ukaliacha jina, umebaki na kitambaa ambacho mtu yeyote angeweza kukinunua dukani. Kwa kuwa doti ni kanga mbili zinazofanana, tundika moja ikiwa nzima na pacha wake mpe shangazi. Shonea mkanda wa kitambaa cha pamba nyuma ya ukingo wa juu, upitishe fimbo humo, na uepuke gundi pamoja na pini, kwa sababu pini hushika kutu na kutu haitoki. Ukuta unaopigwa na jua la mchana haufai, maana jua letu hili la Dodoma hufubaza rangi upesi. Shanga zipige picha zikiwa bado katika mpangilio wake, kisha uzitunge upya kwa uzi wa nailoni safu moja baada ya nyingine, kwa sababu aliyepanga rangi zile hakupanga ovyo.

Mzee wa Mvumi
Mwanangu, kibuyu kilichopasuka hakikatwi, hushonwa. Funika ufa kwa kitambaa kibichi mpaka ulainike, toboa matundu madogo pande zote mbili kwa msumari uliopashwa moto, halafu shona kwa katani ukitumia shazia, na mwisho upake nta juu ya mshono. Marehemu mama yangu alikuwa na kibuyu cha mbegu chenye mishono mitatu, na sisi watoto tulikitambua gizani kwa kukipapasa. Pambo gani unatafuta zaidi ya hilo?

Zeze nalo usilipigilie misumari. Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki mwaka 2003, alilipiga zeze mbele ya watu wa Ulaya wakalisikiliza, iweje letu liwe kigingi cha ukutani? Likague kwanza: ukiona chini yake vumbi laini kama unga, bungua wamo ndani ya mti.

Mpenda sarafu
Sarafu ukiitoboa umeiua. Zile za mwaka 1966, za kwanza za shilingi yetu, zina samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50. Ziache hivyo hivyo, wala usizisugue kwa majivu ili zing'ae. Lakini chambua kopo vizuri, kwa kuwa senti 10 za Afrika Mashariki za enzi za mkoloni zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati, na hizo unaweza kuzishona popote bila kuzidhuru. Picha zitolee nakala, utumie nakala, na nyuma ya picha halisi uandike majina kwa penseli shangazi akiwa bado anawatambua waliomo.

Binti wa Ipagala
Asanteni sana. Sarafu zenye tundu zimepatikana 11. Shangazi alikuja Jumamosi, akazichukua shanga bila maneno mengi na kusema atazitunga mwenyewe, kwa hiyo pambo litakuwa dogo kuliko nilivyokusudia. Zeze halina bungua, ila ngozi yake imetafunwa na panya. Mzee wangu wa Mvumi, je, yupo fundi huko kwenu ambaye bado anawamba?