Wikendi ya baridi kwa pikipiki: tupandie Chimala au tushukie Chimala?

Mbena Mpole:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na washkaji zangu tumepania wikendi ya mwisho ya mwezi huu wa saba tupige misele ya pikipiki huko milimani, njia za vumbi. Tumegawanyika. Kuna wanaotaka twende Njombe, tulale Makete, Jumapili tukate Hifadhi ya Kitulo hadi Matamba, tushukie Chimala. Wengine wanataka kinyume chake: tupandie Chimala, tulale Matamba, turudi kwa Njombe. Na mmoja anang'ang'ania Lupembe. Ipi inafaa kwa baridi hii? Hela ya mafuta ishachangwa, bado maamuzi tu.

Shemeji wa Soni:
Mtaganda bure huko. Nendeni Lushoto. Mnapanda kutoka Mombo, mnapita Soni, mkifika Lushoto mnanyoosha hadi Mtae. Ukisimama pale ukingoni unaiona nyika ya Mkomazi yote iko chini ya miguu yako. Baridi ipo, lakini ni baridi yenye adabu.

Kona Hamsini:
Mtoa mada, umeandika kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza. Mnatokea wapi? Mko wangapi? Pikipiki gani? Kuna anayepakia mtu?

Mbena Mpole:
Samahani mkuu. Tunatokea Makambako. Tuko wanne. Boxer mbili, TVS moja, na Honda XL ya zamani ambayo jamaa aliinunua mnadani.

Shemeji wa Soni:
Makambako! Basi Lushoto mtafika Jumatatu. Nimejitoa.

Kona Hamsini:
Sawa, sasa tunaongea. Swali la mwisho hukujibu, lakini tuendelee.

Mimi napiga kura ya kupandia Chimala. Zile kona za mlima kati ya Chimala na Matamba ni zaidi ya 50, wenyeji wanakwambia 57, mimi nilihesabu hadi 54 nikachanganyikiwa. Ukipanda, pikipiki inapambana na mlima na wewe unapata joto. Ukishuka, kazi yote inabaki kwenye breki, na Boxer nyingi ni za ngoma mbele na nyuma. Ngoma ikipata moto, unaminya kama unaminya mkate. Mkilazimika kushuka, gia ya pili toka juu mpaka chini, na klachi msiiguse. Ukishika klachi umekiachia chombo kiende chenyewe.

Fundi Plagi:
Naunga mkono habari ya gia. Niongezee ya injini. Chimala ni kama mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, Kitulo ni mita 2,600 na zaidi. Kule juu hewa ni nyepesi, kabureta inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, kwa hiyo chombo kitakuwa kizito na plagi itatoka nyeusi. Msipaniki. Na tafadhali, asitokee mjuaji akaanza kuchezea skrubu ya kabureta kule juu, maana mkishuka itakuwa imekaza mno, injini itachemka. Bebeni plagi ya akiba, tyubu, pampu na kipande cha cheni.

Kuhusu baridi, kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka nyuzi kama 6 na nusu. Ukiacha Chimala kuna nyuzi 18, Kitulo piga hesabu mwenyewe. Hapo upepo wa mwendo bado.

Dogo Ulanzi:
Hesabu zote hizo za nini? Mnapita Njombe, mnashusha lita mbili za ulanzi, pombe ya mianzi, baridi inawaogopa wenyewe 😂

Bi Matamba:
Mwanangu, mwezi wa saba ulanzi unautoa wapi? Ulanzi ni wa masika. Na pombe haipashi mtu joto, inakudanganya ngozi tu huku joto la ndani linatoka. Hapa kwetu tumeshawaokota wengi wa aina yako.

Mtoa mada, mimi naishi huku. Asubuhi majani ni meupe kwa sakitu mpaka saa tatu, wakati mwingine saa nne. Msitoke mapema. Maua msiyategemee, hiyo Bustani ya Mungu mnayoisikia inachanua wakati wa mvua, mkija Julai mtaona nyasi za kahawia na ng'ombe. Mandhari ni nzuri hata hivyo. Na mkitaka kuacha barabara muingie kutembea ndani ya hifadhi, pitieni kwanza ofisi yao hapa Matamba muulize taratibu na malipo. Msijifanye mmepotea.

Mzee wa Mtulinga:
Nilikuwa napita tu, lakini uzi huu umenigusa bega.

Julai, miaka sita iliyopita. Tulikuwa watatu, tumelala Makete. Saa kumi na moja alfajiri tumeshaamka kwa kiherehere, siti za pikipiki zina weupe utadhani mtu kamwagia chumvi. Ya kwanza iliwaka kwa choku, ya pili tukaisukuma. Chai hatukunywa, kwa sababu mwenzetu, nimwite K, alikuwa anawahi kipaimara cha mtoto wa dada yake Mbeya.

Kule juu ukungu ulikuwa umelala barabarani. K alivaa glavu za sufu za mtumba, nzuri sana kwa kukaa sebuleni. Ukungu ukazilowesha, upepo ukamalizia. Kila baada ya kilomita tatu nne tunasimama, tunachuchumaa tunaishika injini kama watu wanaota moto wa matanga. Glavu yake moja ikagusa ekzosi, ikanuka kama nywele zilizoungua, tukacheka mpaka machozi. Baadaye nikaona ulimi wake unakuwa mzito, kila ukimuuliza anasema "hamna shida, twendeni". Nilipaswa kumshusha pale pale. Sikumshusha.

Matamba tulipita bila kusimama. Kwenye kona, sijui ya ngapi, kulikuwa na lori la viazi mbele yetu linashuka polepole. K aliniambia baadaye kwamba vidole aliviona kabisa viko juu ya breki, ila havikuminya. Akachagua mtaro wa upande wa mlima. Mungu ni mwema, kwa sababu upande wa pili hakuna mtaro, kuna bonde la Usangu huko chini.

Mtulinga ulivunjika. Mimi nikataka kumvua helmeti, vidole vyangu navyo haviwezi kufungua ile kamba ya kidevuni. Niliifungua kwa meno. Utingo wa lori akaja, tukampandisha juu ya magunia, akashuka hadi Chimala amelala juu ya viazi. Mpaka leo akisikia chipsi anashika bega.

Kona Hamsini:
Pole sana mzee. Ndiyo maana nimesema wapandie Chimala.

Mzee wa Mtulinga:
Hapana kijana, hukunielewa. Mlima haukumwangusha K. Glavu mbichi na njaa ndivyo vilivyomwangusha. Angetoka saa nne na tumbo lenye uji, angeshuka vizuri.

Nduthi ya Kinangop:
Salamu kutoka Kenya. Huku Njabini Julai si mchezo, na bado watu wanabeba abiria na maziwa saa kumi na mbili asubuhi. Siri yetu ni gazeti. Unapanga kurasa kifuani chini ya jaketi, upepo haupiti. Mikononi, glavu za kawaida kisha juu yake zile za mpira za kufulia, saizi kubwa. Watu watacheka mkiwa mjini, huko juu watakuomba uwauzie.

Dogo Ulanzi:
Gazeti nani anasoma siku hizi? Mfuko wa nailoni unatosha.

Nduthi ya Kinangop:
Nailoni inafungia jasho ndani. Ukisimama dakika tano, jasho linapoa na wewe unapoa nalo. Gazeti linakunywa jasho, likilowa unabadilisha. Jaribu uone.

Fundi Plagi:
Au dumu la lita tano. Likate katikati, funga nusu moja mbele ya kila mshikio kwa waya, upepo haugusi mkono. Gharama yake ni dumu tu. Hakikisheni halizuii wenzo wa breki.

Dogo Ulanzi:
Bado natetea nailoni.

Mbena Mpole:
Asanteni wakuu, nimesoma yote. Mzee wa Mtulinga, pole. Kuna kitu sikukisema. Mmoja wetu, yule wa TVS, anataka kumpakia mchumba wake. Hajawahi kupanda pikipiki zaidi ya ile ya kwenda sokoni. Pia tairi yake ya nyuma imebaki kipara kidogo, ila anasema itamaliza safari.

Kona Hamsini:
NILIJUA. Nilijua tangu posti ya kwanza.

Bi Matamba:
"Kipara kidogo" ni kama "mimba kidogo". Anunue tairi. Na huyo binti mmemuuliza mwenyewe, au mnampangia tu? Abiria anaganda haraka, kwa sababu hafanyi kazi yoyote, amekaa tu. Mvalisheni suruali mbili na soksi mbili, viatu viwe vikubwa damu ipite. Mkija Matamba nitawapikia viazi, lakini huyo binti ndiye atakayekaa karibu na jiko.

Shemeji wa Soni:
Nimerudi. Kwa mtu wa kwanza kupakiwa, huyo mwenye Lupembe ana hoja. Ni kwenda na kurudi kutoka Njombe, mnapita kwenye chai, na mkichoka mnageuza.

Fundi Plagi:
Lupembe manyunyu hayaishi. Kwa ule udongo mwekundu na tairi ya kipara, binti atarudi na rangi ya tofali.

Nduthi ya Kinangop:
Bi Matamba, hivyo viazi vyenu na vya Kinangop vipi vitamu? Msinijibu kwa hasira.

Bi Matamba:
Vya huku vinapikwa kwa chumvi tu na unasahau nyama. Vya kwenu nilivila nilipokuja Nairobi, vilikuwa vinaelea kwenye maji kama sabuni.

Kona Hamsini:
Vya Isyonje ndivyo viazi. Hivyo vingine ni mapambo.

Bi Matamba:
Isyonje wanachukua mbegu kwetu, usinichekeshe.

Mbena Mpole:
Wakuu, mrejesho mfupi. Mchumba wa jamaa ameulizwa, amesema atakuja ila kwa basi, atusubiri Njombe hotelini. Sasa wa TVS anataka njia yoyote itakayomfikisha Njombe Jumamosi jioni. Wa Honda ndiye aliyeng'ang'ania Lupembe, hajalegea. Tunakutana kesho kwa fundi tuamue. Tairi imeshaagizwa.

Dogo Ulanzi:
Bi Matamba, tuache utani. Gunia la viazi huko linauzwaje sasa hivi? Nina oda ya watu wa chipsi Makambako.

Bi Matamba:
Lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi, au la kipimo? Kama ni lumbesa, usinitafute.