Klasta moja, timu tatu: mgao kwa nemspesi, nodi za kutenga, au kila timu na klasta yake?

Fundi_Seva
Wakuu, habari za kazi. Tuna klasta moja (kundi la seva) ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi. Ina nodi 4, yaani seva 4, kila nodi kori 8 na GB 32 za memori. Inatumiwa na timu ya malipo, ya ripoti na ya majaribio. Wiki iliyopita kazi ya ripoti ya usiku ilivimba ikala memori ya nodi nzima, podi za malipo (vifurushi vya programu zao) zilizokuwa humo zikafukuzwa. Wateja walikwama hadi alfajiri. Sitaki lijirudie. Nichague nini: kuweka ResourceQuota (mgao wa mwisho wa rasilimali) kwenye nemspesi ya kila timu, yaani sehemu yake ndani ya klasta, kuwatengea malipo nodi zao, au kila timu iwe na klasta yake?

BintiPwani
Pole sana kaka. Kwanza, podi za malipo zilikuwa zimetaja ombi la memori, yaani kiasi zinachotaka kutengewa? Nodi ikielekea kuishiwa, wanaoanza kutolewa ni waliovuka kiasi walichoomba. Podi isiyoomba chochote imeshavuka tangu inawaka.

Fundi_Seva
Hazikutaja kitu, dada.

BintiPwani
Basi hapo ndipo kidonda kilipo. Ukiweka mgao unaohesabu memori, podi isiyotaja ombi lake inakataliwa mlangoni. Hiyo peke yake itawalazimisha watu kuandika. Ila weka na LimitRange, kanuni ya nemspesi, itoe ombi na kikomo cha kawaida kwa aliyesahau, la sivyo Jumatatu simu yako haitapumzika.

mzee_wa_logi
Nakubaliana na binti, lakini tusimpe kijana matumaini ya uongo. Mgao haumwekei mtu akiba. Unazuia timu kuvuka kiasi fulani, basi. Ukigawa kori 16 kwa kila timu umeahidi 48, na nodi zako zote zina 32, tena sehemu yake inaliwa na mfumo wenyewe. Klasta haitakukataza. Siku wote wakija kudai, aliyechelewa atabaki anasubiri huku karatasi inaonyesha ana haki yake. Kama malipo ndiyo roho ya kampuni, wape nodi mbili zenye alama ya kukataa podi za wengine. Mimi ningeanzia hapo.

kodi_usiku
Mkuu, kwa nodi 4 tu hiyo ni hasara. Mchana ripoti hawana kazi, na nodi za malipo zitakaa nusu tupu usiku. Bora malipo wapewe kipaumbele cha juu kwa PriorityClass: podi yao ikikosa nafasi, ya majaribio inaondolewa. Na mgao unaweza kufungwa kwa kipaumbele, ili majaribio wasijiandike wa juu nao.

Jambo jingine lililonitesa siku mbili. Tulikuwa na podi 3, kila moja inaomba 500m (m ni sehemu ya elfu ya kori, yaani nusu kori), na mgao ni 1500m kamili. Nikapeleka toleo jipya, kimya. Kwa mpangilio wa kawaida, Deployment (kinachosimamia podi na matoleo yake) ya podi 3 huongeza kwanza podi moja mpya kabla ya kushusha ya zamani. Mgao umejaa, mpya haiingii. Mpya haijaingia, ya zamani haishuki. Nilitafuta kosa kwenye podi, na podi yenyewe haikuwahi kuzaliwa. Lilikuwa kwenye matukio ya ReplicaSet, kinachoziunda podi kwa niaba ya Deployment: `exceeded quota`. Acheni nafasi ya toleo jipya, tafadhali sana.

mzee_wa_logi
Hilo la kipaumbele nalikubali kwa nodi 4. Nodi zikifika 10, turudi kwenye hoja yangu.

BintiPwani
Kuhusu klasta tatu, kaka, achana nayo kwa sasa. Ni kusasisha mara tatu, vyeti mara tatu, na bado mko watu wawili. Malipo ningewaanzia hivi:

```
hard:
  requests.cpu: "10"
  requests.memory: 32Gi
  limits.memory: 40Gi
```

Kikomo cha CPU sijakiweka makusudi. Prosesa ikizidiwa podi inapunguzwa kasi, haifi, na ombi linalinda fungu la kila mmoja. Memori haina huruma: ukivuka kikomo, kontena linauawa, unakuta namba ya kutoka 137. Na angalia herufi. 400m kwenye memori ni chini ya baiti moja. Unachotaka ni 400Mi, yaani mebibaiti 400.

Fundi_Seva
Asanteni sana. Naanza na mgao, LimitRange na kipaumbele kwa malipo. Nikiviweka leo usiku, podi zilizopo zitaguswa?

kodi_usiku
Hapana. Vyote vinakaguliwa podi inapoingia. Zilizo ndani zitaendelea bila ombi wala kipaumbele, hata zikizidi mgao. Zianzishe upya timu moja moja, anza na majaribio, na kila hatua tazama `kubectl describe quota`. Malipo wafanyie wakati wateja wachache.