Dada kazimia baada ya kunywa dawa za dukani, daktari anauliza habari za ukoo. Wakuu naombeni ushauri

Mwana wa Ujiji: Wakuu habari za jioni, niko Ujiji hapa kichwa hakijatulia. Dada yangu wa miaka 34 wiki iliyopita alikuwa anaharisha siku ya tatu, kifua nacho kinambana, akaenda duka la dawa wakampa antibayotiki ya eritromaisini na flukonazoli ya fangasi juu yake. Kesho yake anamenya muhogo uani nikasikia sinia limelia, natoka namkuta chini macho yamegeuka, baadae kaamka anauliza kwanini mmenimwagia maji. Hospitali ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikaonyesha QT (muda wa moyo kupiga na kujichaji upya) imerefuka hadi milisekunde 520, potasiamu iko chini, dawa zote zikasitishwa. Sasa yuko poa ila daktari kauliza kwenu kuna aliyewahi kufa ghafla? Mama kasema hamna. Mimi nikanyamaza, lakini kaka yetu alizama ziwani Kibirizi akiwa na miaka 16 na yule alikuwa anaogelea kama mgebuka, tukaambiwa kavutwa na majini. Hiyo nayo niseme au ntaonekana nachanganya mambo?

Bwashee Nzega: Duka linatoa antibayotiki kama pipi. Pole sana mkuu.

Nesi Mstaafu: Rudi kesho useme, tena anza na hilo la kaka. Iko hivi, moyo ukishapiga lazima ujichaji upya, na potasiamu inatoka kwenye seli kupitia vimlango, vikichelewa QT inarefuka na ikivuka 500 mapigo yanaweza kuvurugika mtu akadondoka. Eritromaisini inaziba kimlango kinachotengenezwa na jeni ya KCNH2, flukonazoli nayo hivyohivyo na juu ya hapo inalizuia ini lisiivunje eritromaisini, halafu kuhara kukamaliza potasiamu. Wengi wetu tuna akiba, kimlango kimoja kikizibwa kingine kinabeba. Sasa aliyezaliwa na hitilafu kwenye KCNQ1, ambacho ndo hicho kingine, hana akiba, na watu wa aina hiyo kuogelea kunajulikana kabisa kuwaangusha. Umeona kwanini nimeshtuka na habari ya ziwa?

Mtu wa Urambo: Haya mambo ya jeni si magonjwa ya wazungu hayo?

Nesi Mstaafu: Hapana. Mwaka 2002 watafiti Marekani walitangaza badiliko la jeni nyingine ya moyo, SCN5A, ambalo linapatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, kama 13% ya Wamarekani weusi wanalo. Wengi wanazeeka nalo bila shida, mpaka waje wakutane na dawa fulani.

Mwana wa Ujiji: Na malaria je? Huku kwetu haituachi, tusinywe dawa?

Nesi Mstaafu: Weee, malaria itawamaliza kabla ya huo moyo. Mseto kama kawaida, ila mwambieni anayewaandikia kwamba nyumbani kuna shida ya QT kurefuka, maana dawa ya malaria ya halofantrini hamtakiwi hata kuigusa na kwinini inataka uangalizi. Kipimo cha jeni kisubiri, ECG ni bei ndogo, mpimwe wote mliozaliwa tumbo moja na mama pia.

Mwana wa Ujiji: Nimemuuliza mama upya sasa hivi. Kalia kwanza, halafu kasema kaka aliwahi kuanguka shuleni siku ya mbio, wakasema njaa. Kesho saa moja tunaenda wanne, na vile vikopo vya dawa nimevitoa jalalani navibeba.